Kikombe cha Kwanza Hakina Maneno

"Umekunywa chai yangu, umekula keki yangu, halafu umekwenda kunimwaga saluni kama maji ya kuoshea nywele."

Mama Vitambaa, jirani yangu, aliyasema hayo akiwa upande wake wa ukuta unaotenganisha nyumba zetu, wala hakupaza sauti. Laiti angepaza. Mimi nimezaliwa nyumba ya watoto tisa, kelele nazijua, mtu akinifokea najua pa kumshika. Lakini mwanamke wa miaka sitini na ushei anayekugombeza kwa sauti ya kuombea chakula, huyo utamjibu nini?

"Mama, mimi nililitoa kama ombi la maombi," nikasema.

"Ombi la maombi."

"Ndiyo, mama. Nilisema tu tumkumbuke mama yetu."

"Ulimwambia nani?"

Mikono yangu ilikuwa imejaa povu, maana nilikuwa nafua kitambaa cha meza tangu asubuhi, na ghafla povu lile likaonekana kuwa jambo la kuangaliwa kwa makini sana. Nilimwambia mteja mmoja tu, nikiwa namsuka. Lakini nyie mnaojua saluni mnajua: ukimwambia mmoja aliye kwenye kiti, umewaambia saba walio kwenye benchi, na hao saba kila mmoja ana dada.

"Jana wamekuja watu kumi na mmoja," akaendelea. "Wamejipanga barazani pangu wakaniimbia wimbo wa msibani. Mimi nipo hai, mwanangu. Nimevaa aproni, nimeshika mwiko, naimbiwa wimbo wa kuaga maiti."

Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini. Siku ile hakuna aliyecheka.

Niseme mapema lile jambo lenyewe, maana hao kumi na mmoja walishalisambaza. Mume wa Mama Vitambaa alifariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Tangu hapo hakukanyaga kanisani. Kila Jumapili alivaa, akachukua mkoba, akafika mlangoni kwake, kisha akarudi kukaa kitandani na viatu vyake miguuni. Imani alikuwa nayo tele. Kilichomshinda ni lile benchi, na nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Aliniambia hayo akiwa ameshika kikombe cha pili, akiangalia dirishani, na alipomaliza akaniambia kwamba hajawahi kumweleza mtu. Nikamwambia asijali. Siku tatu baadaye nikajali kwa niaba yake mbele ya saluni nzima.

"Leo saa kumi usinisubiri," akasema.

"Mama, leo ndiyo anakuja."

"Najua nani anakuja. Umejifunza kumimina chai. Mimina."

Akavuta ule mlango mdogo wa ukutani, mlango ambao kwa miezi mitatu haukuwahi kufungwa mchana, na nikasikia komeo likiingia.

*

Mimi naitwa Redio, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Nilihamia nyumba ile ya mwisho wa kichochoro ili niiandae, maana ndiyo tuliyochagua kuishi mimi na Fundi Saa tukishafunga ndoa. Asubuhi nilisuka, mchana nilirudi kupaka rangi, kushona mapazia na kusugua jiko lililoachwa na watu wasiojua sabuni. Ukimya wa nyumba ile nusura uniue. Nilianza kuzungumza na vyombo. Siku ya nne, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta: "Wewe unayemsema sufuria, mwache apumzike, njoo unywe chai."

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku saa kumi alasiri, birika lililopashwa kwanza kwa maji ya moto, kitambaa alichokifuma mwenyewe, zaburi moja fupi, kisha sheria yake moja tu: kikombe cha kwanza hakina maneno. Unakunywa mpaka unaona chini. Ukitaka kusema, sema na Mungu, Yeye hakatizwi. Kikombe cha pili ndiyo cha watu.

Siku za kwanza nilihesabu mbao za dari. Zilikuwa ishirini na sita. Siku ya tisa, sijui ilikuwaje, nilifika ubao wa kumi nikasahau kuhesabu, na machozi yakaanza kushuka yenyewe kama bomba lililoachwa wazi. Maisha yangu yote nimesema ili nisikilizwe, na pale, bila kutoa neno, nikahisi nimesikilizwa. Mama Vitambaa hakuniuliza kitu. Alisogeza sukari tu. Mwezi uliofuata nikaenda mwenyewe kwa mchungaji kuomba darasa la ubatizo.

Sasa huyo anayekuja. Mama yake Fundi Saa alikuwa matroni wa wodi ya akina mama kwa miaka thelathini, na mpaka leo akiingia chumbani watu wanakunja shuka. Hakunitaka. Hakuficha. Alisema mwanawe ni mtu wa kimya, ukimfungulia redio ndani hata mwaka hamalizi. Alisema pia kwamba imani yangu ina miezi mitatu, na mtoto wa miezi mitatu hajaota hata jino. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili hii ni la tatu na la mwisho, na mchungaji akishasoma huuliza kama kuna mwenye pingamizi, asimame. Habari zilinifikia kutoka pande nne kwamba Matroni anaweza kusimama. Halafu akatuma neno: kabla ya Jumapili, atakuja kunywa chai kwangu, sisi wawili tu.

Nilikuwa nimepanga Mama Vitambaa awepo, hata kama ni wawili tu. Awepo upande wa pili wa ukuta, nimsikie akikohoa. Sasa hata hilo nilikuwa nimelivuruga kwa mdomo wangu.

*

Fundi Saa alipita mchana, saa ya ukutani ya mteja ikiwa kwapani. Alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda, kama anavyoangalia saa kabla ya kuifungua.

"Atafika saa kumi kasoro dakika tano," akasema.

"Umejuaje?"

"Saa yake inakimbia dakika tano. Kila nikiomba niirekebishe anakataa."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nikamweleza yote: kumi na mmoja, wimbo wa msibani, komeo. Hakuniambia kwamba si kosa langu, maana lilikuwa langu na yeye si mwongo. Aliweka saa chini, akanishika mkono vilevile ulivyo na povu, akautazama mkono huo mpaka mimi ndiye niliyeona haya.

"Uliponiona mara ya kwanza," nikamuuliza, "ulikuwa unajua naongea hivi?"

"Nilikuja kutengeneza saa ya saluni. Kazi ya nusu saa. Nikaifanya siku tatu."

"Ilikuwa mbovu sana?"

"Ulikuwa unasimulia habari za shangazi yako na mwenye nyumba. Nilitaka kujua ilivyoisha."

Hilo hakuwahi kuniambia. Nikamtazama, naye akatazama chini, masikio yamemwiva. Mtu huyu anakaa na vyuma vidogo kutwa nzima, neno lake moja linakwenda mbali kuliko yangu mia. Nikaona jinsi nitakavyomkosa endapo Jumapili itaharibika, nikaona mpaka kikombe chake kikikaa bila mtu kwenye rafu niliyoipaka rangi kwa ajili yake.

"Mama yako akisimama, utafanya nini?"

Alifikiri. Daima hufikiri. "Na mimi nitasimama."

"Useme nini?"

"Sijui. Mimi si msemaji. Pengine nitasimama tu, mpaka watu wachoke."

Akabeba saa yake akaondoka. Nyayo zake zikaenda hatua chache kichochoroni, zikasita, kisha zikaendelea.

*

Keki yangu ilibonyea. Niseme ukweli, nilifungua oveni mara sita. Kila dakika chache moyo ulinituma nikaangalie kama imeumuka, na kila nilipofungua ikashuka kidogo zaidi, mpaka katikati ikawa kama kiti kilichokaliwa. Kitambaa kilikuwa bado kibichi pembeni. Nikakipiga pasi, nikapanga vikombe, na nilipomaliza nikaona nimeweka vitatu. Mikono ilikuwa imezoea. Nilishika kile cha tatu nikirudishe rafuni, nikashindwa.

Saa kumi kasoro dakika tano akabisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaingia akiwa na mkoba wake mweusi mbele ya tumbo, akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakiangalia kidole, akakipangusa ingawa hakikuwa na kitu. Akatazama sinki. Akatazama keki kwa muda mrefu kuliko sinki. Akaketi.

"Kikombe cha tatu ni cha nani?"

"Cha jirani, mama. Lakini leo haji."

Nikasoma zaburi yangu fupi, nikamimina. Kisha nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba pale kwetu kikombe cha kwanza hatusemi, ndivyo nilivyofundishwa. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa anayesema amepona wakati kipimajoto bado kinasoma juu.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Akainua kikombe.

Sijawahi kunywa chai ndefu kama ile. Nilisikia kijiko kikigusa sahani, nilisikia bomba likidondosha tone, nilisikia mpaka saa yake ya mkononi ikikimbia zile dakika zake tano. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo anitoe pale salama. Nikamwambia kwamba nampenda yule mtu na masikio yake yanayoiva. Nikamwambia amlainishe huyu mama. Maombi yote yalikuwa yangu mimi. Lakini kila nilipofumbua macho nilikuta kile kikombe cha tatu kikinitazama, kikavu, mpini umeelekea ukutani.

Matroni akafika chini ya kikombe chake. Nikamimina cha pili, na hapo kikatokea kitu nisichokitegemea. Akaegemea mbele. Sauti yake ikashuka, ikawa ya moto, ya mwanamke mwenzangu, sauti niliyoitamani kwake tangu siku ya kwanza.

"Huyo jirani yako," akasema, "si ndiye yule aliyeacha kanisa? Watu wanasema amekata tamaa na Mungu. Wewe na yeye mnakaa ukuta kwa ukuta, utakuwa unajua ilivyo."

Nisikilizeni. Nilijua. Na kusimulia najua. Habari ile ilikuwa na kitanda, na viatu, na mkoba, na ningeisimulia kwa huruma mpaka yule mama atoe leso. Robo saa tu, tungekuwa mtu na mwanawe. Nimeona urafiki mwingi ukianza hivyo, na mwingine mpaka leo unaendelea. Maneno yalishafika kwenye meno.

"Najua, mama," nikasema. "Ila siwezi kusema."

"Kwani ni siri?"

"Ilikuwa siri. Mimi ndiye niliyeitoa. Hao waliokuambia, ukiufuata uzi utafika kwenye kiti changu cha saluni."

Akaweka kikombe chini polepole. "Kwa hiyo wanayosema juu yako ni kweli."

"Ni kweli, mama."

Nikaona Jumapili ikiniacha hivihivi, inatoka mlangoni bila kuaga. Lakini nikiwa nimeshaanguka nikaona bora nifike chini kabisa.

"Na naomba ruhusa nikuache dakika chache. Ilinipasa niende kwake tangu asubuhi kumwomba radhi. Badala yake nimeshinda nafua kitambaa ili nikupendeze wewe."

Nikafunika birika, nikatoka bila kungoja ruhusa.

*

Mlango wa ukutani ulikuwa bado na komeo, kwa hiyo nikazunguka kichochoroni mpaka mlango wake wa jikoni. Ulikuwa wazi nusu. Mama Vitambaa alikuwa ameketi mezani, kikombe chake kimejaa mpaka juu, utando umeshakaa juu ya maziwa. Hakuwa amekigusa.

Sikukaa. Sikusema neno "lakini".

"Mama, nilichukua kitu chako nikakigawa. Na si kweli kwamba nilikuwa naombea. Nilikuwa nasimulia. Mungu nilimwongeza mwishoni, ili usionekane umbea. Nimekuumiza, na hukuwa na mwingine wa kumwambia."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu kitu.

"Mgeni wako umemwacha na nani?" akauliza hatimaye.

"Peke yake."

"Birika?"

"Nimelifunika."

"Na keki?"

"Imebonyea, mama. Niliifungulia oveni kila mara."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi na mimi usinifungulie oveni. Sijasema sitakusamehe. Nimesema nini?"

"Hujasema kitu."

"Niache niive."

Nilikuwa nageuka, macho yamejaa, nikagongana na mkoba mweusi. Matroni alikuwa amesimama kizingitini. Mkono mmoja mkoba, mkono mwingine kile kikombe cha tatu, kimejaa chai, sahani imefunikwa juu yake kama dawa ya mgonjwa. Amekibeba kichochoro kizima na hakumwaga hata tone.

"Chai ya mtu ilikuwa inapoa," akasema.

Wale wanawake wawili wakatazamana. Niliogopa. Matroni akakiweka kikombe mezani, akakiondoa kile chenye utando, akakimwaga kwenye sinki kama mtu aliye kwake.

"Baba wa watoto wangu alipofariki," akasema akiwa ametugeuzia mgongo, "mimi miezi minane sikwenda kanisani. Nilikuwa naomba zamu za Jumapili. Wodi nzima ilidhani nina bidii."

Mama Vitambaa akaweka mkono juu ya meza, kiganja kimeangalia juu, akauacha pale.

"Ni lile benchi," akasema.

"Ni lile benchi," Matroni akaitikia. Kisha akageuka kwangu, na macho yale ya wodi yakanipiga palepale niliposimama. "Wewe. Hili halitoki humu."

"Halitoki, mama."

"Nitajua."

"Najua utajua."

Akavuta kiti akaketi, mkoba magotini. Akasema kwamba yeye Jumapili hukaa benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na mlango, na kwamba pembeni yake pana nafasi. Hakusema njoo. Mama Vitambaa akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanywa tena, mpaka akaona chini. Sisi wawili tukangoja bila neno. Alipomaliza akauliza, kwa ile sauti yake ya kuombea chakula:

"Jumapili si ndiyo tangazo la tatu la hawa watoto? Nimesikia unataka kusimama."

"Kwa magoti haya?" Matroni akasema. "Mimi nikishakaa, nimekaa."

Nilishika ukingo wa sinki. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama nje kupitia dirishani, uso wake haubadiliki, akiwa amenyoosha shingo.

"Na yule anayejidai kutengeneza geti lisiloharibika ni nani?"

Nikachungulia. Fundi Saa alikuwa amechutama mbele ya geti la Mama Vitambaa, bisibisi mkononi, anakaza skrubu iliyokazwa tangu geti lijengwe. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Mama Vitambaa akasimama, akafungua kabati, akatoa keki. Yake ilikuwa imeumuka, imesimama wima kama mtu asiye na deni la samahani kwa mtu yeyote. Aliikata vipande vinne. Nilivihesabu mara mbili.

"Mwite," akaniambia. Halafu, bila kuniangalia, "Na upite mlango wetu wa karibu." Nikafungua komeo la mlango wa ukutani, nikauacha wazi.

Nikatoka kupitia kwangu mpaka getini. Aliposikia nyayo zangu akainuka, na macho yake yakaniuliza yote kwa mpigo. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba. Zilinijaa mdomoni, zikanisukuma meno. Lakini nusu yake ilikuwa siri, na nusu nyingine ilikuwa ya mama yake, ampe mwenyewe kwa mkono wake. Nikamfuta vumbi begani. Nikamwacha aangalie uso wangu kwa muda alioutaka, maana kuangalia ndiyo kazi yake.

"Osha mikono," nikamwambia. "Ingia ule."